Kutoka zahanati hadi Bugando: mpango wa kuwahudumia ndugu zetu wenye hemofilia

Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Nimepewa dakika ishirini, na Mwenyekiti ananijua, kwa hiyo saa yake ameshaiweka mezani. Mwaka huu kamati inapendekeza tufanye harambee kwa jambo lisilo na mabati, lisilo na saruji, na ambalo hakuna atakayeliwekea jiwe la msingi. Najua wapo walioguna walipoliona kwenye ajenda. Mimi ni mhasibu, si daktari. Ya kitabibu nitakayosema nimeyapata kwa wataalamu na kwa kuyaishi nyumbani kwetu. Ya hesabu ni yangu, nanyi mna haki ya kunibana.

Hemofilia ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Ndani ya damu ya binadamu zimo protini kadhaa zinazosaidiana kuigandisha pale mtu anapojikata au kujigonga, na zimepewa namba. Aliyepungukiwa na namba 8 ana hemofilia A. Aliyepungukiwa na namba 9 ana hemofilia B. Wataalamu huziita fakta, nami nitatumia neno hilo. Mtu huyu damu yake haitoki kwa kasi kuliko yenu. Inatoka kwa muda mrefu zaidi. Tena sehemu kubwa hamuioni, kwa sababu inavujia ndani: kwenye goti, kiwiko, kifundo cha mguu, ndani ya misuli, na wakati mwingine kichwani. Goti likivujiwa mara kwa mara huliwa taratibu mpaka linakakamaa. Nadhani baadhi ya wale vijana tuliowaona kijijini wakitembelea fimbo wakiwa na miaka 15, tukaambiwa wamerogwa, walikuwa na ugonjwa huu.

Sasa naomba wazee mnisikilize hapa, maana kwetu nyumba zimevunjika kwa jambo hili. Mara nyingi mama ndiye anayebeba kasoro hiyo katika vinasaba, na mtoto wa kiume ndiye anayeugua. Kila mtoto wa kiume anayezaliwa na mama huyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mgonjwa, na kila wa kike ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba. Baba mwenye hemofilia hawaambukizi watoto wake wa kiume, ila binti zake wote wanaibeba. Lakini karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa katika familia ambazo hazikuwahi kuwa na mgonjwa hata mmoja. Kasoro imeanza kwa mtoto huyo au kwa mama yake, basi. Kwa hiyo anayesimama kwenye kikao cha ukoo na kusema mwanamke huyu ametuletea damu mbaya, anasema asilolijua. Na wanawake wenyewe hawajasalimika. Wanaobeba wanaweza kutokwa na damu nyingi kwenye hedhi na wakati wa kujifungua, na upo ugonjwa mwingine wa jamii hii, uitwao Von Willebrand, unaowapata wanaume na wanawake sawasawa.

Kama kuna anayedhani hili ni gonjwa la maskini, amkumbuke yule malkia wa Uingereza ambaye ziwa letu limebandikwa jina lake. Victoria alikuwa anaibeba hemofilia. Mwanawe Leopold alikufa mwaka 1884 akiwa na miaka 30 baada ya kuanguka na kugonga kichwa, na kupitia binti zake ugonjwa ukaingia katika familia za kifalme za Urusi na Hispania. Kila asubuhi tunanawa uso kwa maji ya ziwa lenye jina lake, halafu tunauita ugonjwa huu mgeni.

Twende kwenye hesabu. Hemofilia A humpata takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, popote duniani, kabila lolote. Hemofilia B ni adimu zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 3 mkoani Kagera. Chukua wanaume milioni moja na nusu kasoro kidogo, gawanya kwa 5,000, unapata karibu 290. Punguza wale waliokufa wadogo bila kujulikana walichougua, na kwa bahati mbaya ni wengi. Hata hivyo, lazima tuwe na wengi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa nchi nzima, unapata maelfu. Walioandikwa kwenye madaftari ya hospitali nchini ni mamia tu. Kwa lugha ya kazi yangu, mizania hii haifungi, na tofauti iliyopo ni watu walio hai, wengine wako vijijini kwetu sasa hivi wamekaa kitandani na goti lililovimba.

Kwetu kuna sababu ya ziada ya kutogundulika. Mikoa ambayo tohara ni mila ya tangu zamani, mtoto mwenye hemofilia mara nyingi hujulikana siku ya jando, kwa sababu damu haikatiki. Sisi Wahaya tohara haikuwa mila yetu, kwa hiyo mtoto anaweza kukua mpaka akang'oa jino au akaanguka kwenye mwembe. Sasa kampeni za tohara zimefika, na Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyolengwa. Wahudumu huuliza kwanza kama mtoto ana tatizo la kutokwa damu. Mama anajibu hapana, maana kwake fizi kutoa damu siku nne si tatizo la kuripoti, ni utoto.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, leo yuko kidato cha pili. Yeye na mama yake wamenipa ruhusa niyaseme haya, ila wameomba nisiwataje. Alipoanza kutambaa alikuwa na alama nyeusi magotini na kifuani, na majirani wakaanza kumtazama dada yangu kwa jicho la kuuliza. Akiwa na miaka mitatu aliuma ulimi. Damu ilitoka kidogo kidogo siku sita. Akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale, na chale nazo zikawa zinatoka damu. Akiwa na miaka saba goti likavimba. Katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa lingeweza kutokea popote, alichomwa sindano ya diklofenaki pajani. Ndugu zangu, sindano ya msuli kwa mtoto wa namna hii ni jeraha jipya, na dawa zenyewe za jamii ya diklofenaki na aspirini huzidisha kuvuja. Paja lilivimba mpaka suruali ikakatwa kwa mkasi. Yule muuguzi alikuwa na nia njema. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku ya tatu walisafirishwa Mwanza. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, wote tunaijua ile foleni ya kivuko. Bugando walipima, wakasema hemofilia A, kali. Walimchoma fakta 8 kwenye mshipa na siku iliyofuata alikuwa anaomba chakula. Dada yangu aliniambia kwa simu kwamba hakulia kwa ugonjwa, alilia kwa kuwa ugonjwa ulikuwa na jina.

Nawaeleza haya ili mwone pengo liko wapi. Dawa ilikuwepo. Mtaalamu alikuwepo. Mtoto alikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa katikati.

Miongozo ya Shirikisho la Hemofilia Duniani inasema mgonjwa anayevuja damu atibiwe mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya saa mbili tangu dalili zianze. Na wao wenyewe wagonjwa huzijua dalili kabla hatujaona kitu. Mpwa wangu husema goti linamwasha ndani, kama maji ya moto yanapita. Akigonga kichwa, kanuni ni kutibu kwanza na kupima baadaye. Sasa niambieni, kutoka kijijini kwetu Muleba mpaka Mwanza, kwa saa mbili unafika wapi? Ukibahatika na basi, pengine Chato. Hakuna barabara itakayolimaliza hilo. Dawa ya kwanza lazima imkute mgonjwa karibu na nyumbani, na akili ya kuitumia itoke kwa mtaalamu aliye mbali. Huko ndiko wanakokuita kuratibu huduma kwa kanda.

Hapa nchini kazi hii ilianzia Muhimbili, na huduma sasa zimesogezwa kwenye hospitali za kanda, zikiwemo Bugando, KCMC na Mbeya. Hiyo ni hatua kubwa na lazima tuwashukuru waliohangaika, pamoja na wazazi walioanzisha Chama cha Hemofilia Tanzania. Lakini kutoka kanda kwenda chini, mlolongo wetu unalegea. Tunachopendekeza kwa wilaya yetu ni rahisi kukieleza. Bugando wabaki na daftari kuu na mpango wa tiba wa kila mgonjwa. Mgonjwa apewe kadi isiyolowa, iliyoandikwa aina ya ugonjwa, ukali wake, uzito, kipimo cha dawa, vitu vya kutomfanyia, na namba ya simu ya kliniki. Hospitali ya wilaya itunze dozi chache za kuanzia, kwenye jokofu la nyuzi 2 mpaka 8, baridi ile ile inayotunza chanjo. Zahanati isitunze dawa. Kazi yake iwe kumtambua, kumpumzisha, kufunga kiungo kwa bendeji, kukiinua, kuweka kitambaa cha maji baridi maana barafu hatuna, kumpa parasetamoli, kupiga simu na kumsafirisha. Na mara moja au mbili kwa mwaka wagonjwa wote wa wilaya waende Bugando kwa pamoja kupimwa viungo, meno, na kuangaliwa kama mwili umeanza kuikataa dawa, jambo ambalo hutokea kwa baadhi yao na daktari wa wilaya hawezi kulijua bila maabara.

Mtasema ni ndoto. Lakini tayari tunao mfano unaofanya kazi. Mnaujua mpango wa m-mama, ule wa kupiga 115 bure mama mjamzito au mtoto mchanga anapopata dharura. Anayepokea simu ana orodha ya maswali, anajua hospitali ipi inafaa, na gari la wagonjwa lisipokuwepo humtuma dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Hawakujenga kitu. Waliunganisha vilivyokuwepo. Madereva wa bodaboda na teksi wa kwetu wameshazoea kuamshwa usiku kwa simu ya namna hiyo.

Niseme kidogo kuhusu daftari, kwa sababu ndipo uhasibu wangu unapowasha moto. Dawa hizi ni ghali kupita uwezo wa familia yoyote iliyomo ukumbini humu, na siwatanii. Sehemu kubwa ya zinazotumika katika nchi kama yetu huja kwa msaada, hasa kupitia mpango wa Shirikisho la Hemofilia Duniani ulioanza mwaka 1996. Nchi inapoomba, huonyesha ina wagonjwa wangapi walioandikishwa. Mtoto wa kijijini kwetu ambaye hayumo kwenye daftari, dawa yake haikuombwa na wala haikusafirishwa. Hayupo. Uingereza walianza daftari lao la kitaifa mwaka 1968. Sisi tunaweza kuanza la kata zetu mwezi ujao, kwa kalamu. Kuna na kero ya mpakani: ndugu zetu wa Missenyi wengine hutibiwa Kampala, wengine wamefungua faili huku na huku. Anayehesabiwa mara mbili na asiyehesabiwa kabisa wote wanaharibu hesabu, lakini wa pili ndiye anayekufa.

Swali niliulizwa na mzee mmoja kwenye kamati, na ni la haki kabisa: dawa inayotokana na damu, si itatuletea UKIMWI tena? Mkoa wetu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Kila mmoja wetu hapa amezika. Na hofu ya mzee haikutoka hewani. Miaka ya 1970 na 1980, huko Ulaya na Marekani, maelfu ya wenye hemofilia waliambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini C kupitia dawa iliyotengenezwa kwa kuchanganya damu za watu wengi. Uingereza uchunguzi wa aibu hiyo ulitoa ripoti yake Mei 2024. Baada ya msiba ule, dawa zinazotokana na damu zilianza kusafishwa ili kuua virusi hivyo, na tangu miaka ya 1990 zipo nyingine zinazotengenezwa maabara bila kutegemea damu ya mchangiaji. Siku hizi ipo hata sindano ya chini ya ngozi, emisizumabu, ambayo mwenye hemofilia A anaweza kuchomwa mara moja kwa wiki, au hata kila baada ya wiki nne. Kwa mtu wa kijijini, kati ya kusubiri goti livimbe na kuzuia lisivimbe, mnaiona tofauti. Lakini hata hiyo hupewa aliyeandikishwa.

Kwenye kamati yalitolewa mawazo mawili mengine na sina budi kuyasema, kwa sababu waliotoa ni watu ninaowaheshimu. La kwanza, tujenge wodi ya hemofilia na kuipa jina la chama. Ndugu zangu, wodi bila daktari wa damu na bila maabara ni ghala. La pili, tuchange tununue dawa wenyewe. Hapo nilipiga hesabu mara tatu. Mfuko wetu wote ungeisha kwa mgonjwa mmoja kabla ya mwaka kwisha, kisha tungemwambia nini wa pili? Sisi si serikali wala si shirika la dunia. Uwezo wetu ni nauli, simu, karatasi na kufahamiana. Na hivyo ndivyo vinavyokosekana.

Tena bima isitufariji mapema. CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliundwa kumfikisha mwanachama mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando ni ngazi ya kanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na tuendelee kuwakumbusha wabunge wetu kwamba magonjwa adimu yasiachwe nje ya kitita. Lakini mtoto anayevuja damu usiku wa leo hawezi kusubiri kitita.

Basi maombi ya kamati ni haya. Mfuko wa nauli, safari 40 kwa mwaka, mgonjwa na msindikizaji mmoja, kwenda na kurudi pamoja na chakula, shilingi 200,000 kila safari: 8,000,000. Mafunzo ya siku moja kwa wahudumu 60 wa zahanati, vituo vya afya na wa ngazi ya jamii, kwa 50,000 kila mmoja: 3,000,000. Hiyo ni nauli, chakula na vitabu. Posho hakuna, na atakayeniuliza posho atanikuta. Jokofu la dawa la hospitali ya wilaya lenye umeme wa jua: 3,500,000. Kadi, madaftari na muda wa maongezi: 1,000,000. Jumla 15,500,000. Fedha za nauli hazitapita mkononi mwa mtu; zitalipwa kwa simu kwa dereva au basi, na hesabu itabandikwa kwenye kijitabu cha mwakani, safari kwa safari, bila majina ya wagonjwa.

Kitu kimoja hakihitaji hela. Mwezi wa 12 wengi wetu tutapanda kwenda nyumbani. Ukikaa na shangazi na mama wadogo, uliza: katika ukoo huu, kuna mtoto wa kiume aliyewahi kutokwa damu jino lilipong'oka ikakataa kukata? Kuna anayevimba goti bila kuanguka? Kuna mjomba aliyekufa mdogo baada ya kujikata kidogo tu? Kuna mama aliyekaribia kufa kwa damu kila alipojifungua? Uliza taratibu, na usiulize mbele ya wakwe. Andika jina, kijiji na namba ya simu ya mzazi, baada ya yeye mwenyewe kukubali, ulete kwa katibu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata, na fomu ya kumwandikisha mgonjwa iko ndani ya jalada la nyuma. Unaweza kuahidi safari nzima, nusu safari, au mafunzo ya mhudumu mmoja wa kijijini kwenu. Mweka Hazina yuko meza ya mlangoni na stakabadhi zake, na ameniambia hatainuka mpaka saa kumi na mbili jioni.